Udumavu, Ukondefu na Sahani ya Mtoto wa Chekechea Ukambani

Neno "uzito" limewapotosha wazazi wengi. Mstari wa uzito katika kadi ya kliniki ukipanda, mama hurejea nyumbani akiwa ameridhika, ilhali mizani haisemi yote. Wataalamu wa lishe hutofautisha hali tatu: udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, ukondefu, yaani wembamba usiolingana na kimo, na uzito pungufu, unaopimwa kwa kulinganisha uzito na umri. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu yaliyojaa, na jamaa wakasema amerithi tu ufupi wa ukoo wa mamaye.

Tofauti hii si ya kimsamiati pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulibainisha kuwa takriban asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika Kaunti ya Kitui walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 26. Makueni, jirani anayekabiliwa na ukame kama huo na kula muthokoi uo huo, ilikaribia wastani wa kitaifa. Ni wazi basi kwamba ukame hauwezi kubebeshwa lawama yote.

Muthokoi wenyewe hauna hatia. Mahindi yaliyokobolewa yakipikwa kwa kunde, mbaazi au maharagwe, protini za nafaka na za mikunde hukamilishana. (Kukoboa huko pia hupunguza sumukuvu, sumu iliyowaua watu 125 mwaka 2004, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui.) Tatizo huwa katika namna chakula kinavyomfikia mtoto. Punje ni ngumu, tumbo lake ni dogo, na anapokula sahani moja na kaka zake, wao humaliza yeye angali anatafuna tonge la tatu. Mzazi hawezi kujua amekula kiasi gani. Uji mwepesi nao hujaza tumbo kwa maji.

Wapo wanaojaribu kufidia kwa kumshurutisha mtoto. Shirika la Afya Duniani hushauri kinyume: mlezi atazame dalili za njaa na shibe, ahimize polepole, asilazimishe. Ushauri huu una uzito zaidi kwa mtoto wa chekechea, kwa sababu udumavu hujijenga hasa kabla ya miaka 2. Mkondefu akilishwa vyema aweza kurejea hali yake katika muda wa wiki kadhaa. Aliyedumaa, akishindiliwa ugali na mafuta ili "apate uzito", huenda akanenepa bila kurefuka.