Daftari la Chombo cha Angani: Amana Iliyo Katika Kila Bolti



Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huitumia wenye maduka na akina mama wanaoendesha vikundi vya akiba. Juma hili tunawaletea mfano wa mahali ambapo kinachopotea kwa kukosa daftari huwa si mali peke yake, bali ni roho ya mtu. Nao ni mfano wa wale wanaojiundia vyombo vya kuruka angani katika karakana za nyumbani kwao.

Chombo tunachokikusudia huitwa jairokopta. Kwa mbali hufanana na helikopta ndogo, walakini utendaji wake ni mwingine. Injini husukuma rafadha iliyo nyuma ya rubani, na chombo kikaenda mbele. Yale mapanga makubwa ya juu, yaliyo mfano wa mapanga ya feni ya darini, hayaendeshwi na injini kinapokuwa angani. Huzungushwa na upepo unaopenya kutoka chini kwenda juu. Injini ikizimika, mapanga huendelea kuzunguka, na rubani huteremka bila ya kuporomoka. Ni rehema kubwa hiyo. Lakini katika jairokopta nyingi ndogo zenye mapanga mawili, uzito wote wa chombo na wa mtu hubebwa na bolti moja iliyopita katika kitovu cha mapanga. Bolti hiyo ikikatika, hapana tena la kufanywa.

Asili ya chombo hiki ina mnasaba na historia yetu Waislamu. Mwanzilishi wake, Juan de la Cierva, alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Murcia nchini Uhispania, mji ambao Waarabu waliuita Mursiya, na uliojengwa mwaka 825 kwa amri ya Amiri Abdurrahman wa Pili wa Andalusia. Ndege mojawapo aliyoiunda ilianguka mwaka 1919 baada ya kupungukiwa na mwendo, naye akaazimia kubuni chombo ambacho hakitaanguka kwa sababu hiyo. Vyombo vyake vitatu vya mwanzo havikufaulu. Mnamo Januari 1923 cha nne kiliruka huko Getafe, karibu na Madrid, baada ya yeye kuyafunga mapanga kwa bawaba ili yaweze kupanda na kushuka.

Katika ardhi hiyohiyo ya Andalusia, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Abbas ibn Firnas alijitia manyoya na mbawa akajaribu kuruka. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba aliruka masafa kisha akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujifanyia mkia. Hayo ndiyo machache tuliyo nayo. Mbawa zake ziliunganishwa vipi? Kwa miti gani, kwa kamba gani? Hatuna mchoro wake wala daftari lake, na kwa hivyo waliokuja baada yake hawakuweza kuanzia pale alipoishia.

Jairokopta ya kujiundia nyumbani ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1950, pale mhandisi Igor Bensen wa North Carolina alipoanza kuuza michoro na vifaa kwa watu wa kawaida. Sheria ya huko inamruhusu raia kujiundia chombo, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu waliokusudia kujifunza au kujiburudisha. Injini, mapanga, magurudumu na bolti anaweza kuvinunua. Lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba kazi ni yake uko juu yake mwenyewe. Mkaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, au mwakilishi aliyeidhinishwa nayo, huja akiwa na swali moja la msingi: ushahidi uko wapi?

Hapo ndipo daftari linapofunguliwa. Tuchukue mabomba ya aluminiamu ya pembe nne ambayo ndiyo mifupa ya chombo. Juu yake huchapwa kwa wino maandishi 6061-T6. Tarakimu za mwanzo hutaja aina ya madini, na T6 hueleza kwamba yamepitishwa motoni yakaimarishwa. Bomba la madini hayohayo lisiloimarishwa halitofautiki nalo kwa macho, ilhali nguvu zake za kuhimili kupinda ni kama sehemu moja ya tano tu. Basi muundaji makini hupiga picha ya maandishi hayo kabla ya kulikata bomba, akaibandika daftarini pamoja na risiti na hati ya muuzaji. Akishakata, huenda kipande chenye wino kikaenda jaani, na ushahidi ukaenda nacho.

Hali kadhalika bolti. Bolti ya chuma ya ndege huwa na alama kichwani, mfano wa herufi X au kinyota. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi yaweza kuingia katika tundu lilelile na kukazika vilevile, na tofauti isidhihirike mpaka siku ya mtihani. Kwa hivyo daftari huandika: bolti hii imetoka wapi, imefungwa mahali gani kwa mujibu wa mchoro, imekazwa kwa nguvu kiasi gani kwa spana yenye kipimo, na tarehe gani. Kisha hutiwa tone la rangi linalounganisha nati na bolti. Siku rangi hiyo itakapoonekana imepasuka, ni dalili kwamba nati imesogea.

Picha nazo zina adabu zake. Picha ya kipande kilichokwisha haitoshi, kwa kuwa haisemi ni nani aliyekiunda. Inayofaa ni ile inayomwonyesha muundaji mwenyewe akiwa kazini, keekee mkononi. Na kwa kuwa mikono yake imeshughulika, huhitaji mwingine wa kupiga picha: mke, binti au mwana. Hivyo watu wa nyumbani wanakuwa mashahidi wa kazi ambayo kesho itambeba mwenzao.

Mtihani mkubwa ni uvivu. Mtu hufanya kazi miezi mitatu bila ya kuandika, kisha usiku mmoja akaketi kuzijaza kurasa kwa kukisia: labda nilikaza Jumanne, labda kwa kipimo kile. Karatasi itajaa, na mkaguzi huenda asitambue. Lakini bolti haisomi karatasi. Itashika kwa kadiri ilivyokazwa, si kwa kadiri ilivyoandikwa.

Hata baada ya idhini, sheria huendelea kuhimiza ukweli. Kwa kawaida chombo huwekwa katika majaribio ya saa 25 au 40, na katika muda huo haruhusiwi abiria. Baadaye, abiria anapopanda hukuta bango linalomwarifu kwamba chombo hiki kimeundwa na mtu binafsi na hakikufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida. Ni haki yake ajue kabla ya kufunga mkanda.

Sisi Waislamu tusingepaswa kuliona jambo hili geni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa shilingi za kukopeshana zimetiliwa mkazo namna hiyo, je, chombo kitakachombeba mzazi wa watoto?

Hapa Kenya nako, mara kwa mara husikika habari za vijana waliounda ndege kwa vyuma vikuukuu, na watu wakawashangilia. Wanastahili kutiwa moyo. Ila idhini ya kuruka hutolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, wala haipatikani kwa makofi. Basi mzazi ambaye mwanawe anapenda kufungua redio na kuunda magari ya mabati, amnunulie bisibisi na daftari siku moja. Amzoeshe kuandika alichokifungua, alichokifunga na alipokipata. Na siku mtoto atakapokosea, aandike pia kosa lake kama lilivyo, maana ukurasa huo huenda ndio utakaomwokoa mtu.

Wabillahi tawfiq.