Je, Wajua? Maktaba za Mwandishi Mtandaoni

Je, wajua kwamba mtafiti wa ushairi wa Mombasa anaweza kuanzia kwenye simu kabla ya kuwaza nauli ya London? Maktaba ya SOAS, chuo kikuu kilichoko huko, imehifadhi hati za kale za Kiswahili, nyingi kwa herufi za Kiarabu, na baadhi zinaonekana mtandaoni bure. Miongoni mwa hazina zake ni mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, yaliyokusanywa katika karne ya 19 na mmishenari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Taylor ndiye anayetajwa sana. Kwa maoni yetu, Sikujua alistahili kutangulia.

Makala za kitaaluma kuhusu Kiswahili nazo zimo katika jarida la Swahili Forum, nalo halidai hata senti.

Na ukurasa uliounukuu mwaka jana ukifutwa? Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za intaneti. Bandika anwani kwenye huduma yake ya Wayback Machine, chagua tarehe, usome ulivyokuwa siku hiyo. Waweza pia kuagiza ukurasa uhifadhiwe leo, kabla mwenyewe hajaubadilisha.

Kuhusu kuchapisha, namba ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007, hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Wengi hudhani ndiyo hakimiliki. Siyo: ISBN hutambulisha toleo tu. Hakimiliki huanza pale unapoiandika kazi yako, hata ikiwa bado imo kwenye daftari.