Ulimi Huonja Utamu, Hauonji Vijidudu



Jumapili moja baada ya Misa, akina mama wa jumuiya moja walituletea sisi wauguzi biskuti za aina mpya, pamoja na sambusa na soseji zilizogandishwa, walizonunua mjini. Walituuliza: “Je, vyakula hivi vinawafaa watoto wetu?” Tulionja wote. Biskuti zilikuwa laini na tamu sana. Sambusa zilikuwa nzuri, ila chumvi ilizidi. Lakini ulimi peke yake haukuweza kujibu swali lile. Basi tuligeuza pakiti, tukasoma.

1. Soma kabla ya kununua

Vitu vilivyotumika hupangwa kwa uzito: kilicho kingi hutangulia. Sukari ikifuata mara baada ya unga, ujue ni nyingi. Tuseme imeandikwa sukari gramu 28 katika kila gramu 100. Pakiti ya gramu 50 itakuwa na gramu 14, yaani zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na bora zaidi zisifike 25. Mtoto kiasi chake ni kidogo zaidi. Akila pakiti mbili na kunywa soda moja, amekwisha kupita.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya mboga. Pakiti ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu huharibu mishipa ya moyo, yaacheni dukani.

2. Baridi haiui vijidudu vyote

Kugandisha huvilaza tu vijidudu. Chakula kikiyeyuka, vinaamka na kuzaana. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi chakula kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Vipande vikiwa vimeshikana na barafu imejaa ndani ya pakiti, huenda vimeyeyuka na kugandishwa tena. Msinunue.

Wengi wetu huonja kidogo ili kujua kama chakula kimeharibika. Hiyo ni hatari! Vijidudu vingi vya maradhi havibadilishi ladha wala harufu. Mwaka 2017 na 2018 huko Afrika Kusini, poloni, ile soseji nene inayoliwa bila kupikwa, ilieneza ugonjwa wa listeria. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto wachanga wengi. Kijidudu hicho hukua hata ndani ya friji, lakini moto hukiua. Kwa hiyo pikeni soseji na sambusa mpaka katikati pawe pa moto kabisa. Msiziache mezani kutwa nzima ziyeyuke.

3. Watoto wadogo

Kliniki tunakutana na akina mama wanaoloweka biskuti katika chai na kumlisha mtoto wa miezi minne. Mtoto hunyamaza, mama hudhani ameshiba vizuri, kumbe uzito haupandi. Mpaka miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo aongezewe uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, ndizi, parachichi, yai, au dagaa waliosagwa. Kabla ya miaka miwili hahitaji biskuti tamu wala soseji.

Hatusemi kwamba biskuti ni dhambi. Siku ya sikukuu mgawieni kila mtoto moja mbili, mfurahi pamoja. Lakini fedha ya pakiti ya kila siku, ikiwekwa kando juma zima, hununua mayai ya familia.

Mungu awabariki, na awajalie afya njema.