Moshi wa Gari na Oili Inayopungua: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Katika malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, kisa kimoja hujirudia. Gari lilijaribiwa mchana, injini ikiwa tayari ina moto, likaonekana safi. Kesho yake asubuhi, nyumbani kwa mnunuzi, likatoa wingu la buluu. Muuzaji hukana, fundi wa kwanza hutaka injini ifunguliwe yote. Kabla ya kuamini kauli yoyote kati ya hizo, mwenye gari atazame rangi ya moshi na, zaidi ya rangi, wakati unapotoka.

Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua yote. Ukaguzi uanzie kwenye chujio la hewa, maana kulibadilisha ni gharama ndogo.

Mvuke mweupe mwepesi wa asubuhi, unaotoweka injini inapopata moto, si kasoro. Ni unyevu uliotuama ndani ya bomba. Ila moshi mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, waonyesha kuwa maji yanapenya kwenye silinda, aghalabu kwa sababu ya gasketi ya hedi. Gari hilo lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Oili hupenya kutoka juu au kutoka chini. Juu zipo sili za vali, vipande vidogo vya mpira. Zikikakamaa, oili hudondoka gari likiwa limeegeshwa. Moshi huwa mwingi wakati wa kuwasha kisha hupungua, au hufumuka dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu. Chini zipo ringi za pistoni. Zikilika, moshi huzidi gari linapopanda mlima au kubeba mzigo, na nguvu hupungua. Tofauti hii ina uzito mfukoni: katika injini nyingi sili hubadilishwa bila kuiteremsha injini, ilhali ringi hudai ifunguliwe. Injini yenye turbo ikaguliwe turbo pia. Na kwa gari lolote, itazamwe kwanza vali ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, kwani ikikwama huweza kuvuta oili, na bei yake haikaribii ya ringi.

Fundi akitaja ringi, aombwe kupima mgandamizo wa kila silinda. Katika injini ya petroli, silinda iliyo dhaifu hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zashukiwa. Kisipopanda, kasoro yaelekea kuwa kwenye vali au gasketi. Hata hivyo, ringi za oili zilizoshikwa na masizi zaweza kupitisha oili ingawa mgandamizo ni mzuri.

Upungufu wenyewe upimwe kwa kijiti cha oili, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, na kilomita ziandikwe. Baadhi ya watengenezaji huona lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado inavumilika. Sisi tungetafuta sababu mapema zaidi, kwani oili inayoungua huharibu pia kichujio cha moshi kilichomo ndani ya bomba.

Mnunuzi aende asubuhi, aguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, arudi siku nyingine. Oili nzito kuliko kawaida, iliyotiwa siku ya mauzo, huweza kuficha moshi kwa siku kadhaa. Hivyo aulize ni aina gani iliyotiwa na lini.

Kazi ikikamilika, risiti ionyeshe vipimo vya kila silinda, kabla na baada ya matengenezo, na spea zilizotolewa akabidhiwe mwenye gari.