Ada ya Mtihani Ilifutwa, Mbona Simu Bado Inalipa?

Muulize mama anayeuza omena pale Kibuye maana ya elimu ya bure, atacheka kwanza. Shule za msingi za bure zilianza Januari 2003, sekondari za kutwa zikafuata 2008. Mwaka wa 2015 serikali ikaanza kuwalipia watahiniwa wa shule za umma ada ya KCPE na KCSE, na 2017 wale wa shule za kibinafsi wakaingizwa. Katikati ya 2025 wazazi walishtuka bajeti ilipokuja bila pesa za mitihani. Kelele zikapigwa, pesa zikarudishwa.

Kwa hivyo ada ya mtihani hulipi, isipokuwa kwa anayerudia au anayejisajili nje ya shule. Lakini hebu fungua taarifa ya laini yako ya muhula uliopita. Lunch. Remedial. Mock. Tuseme chakula cha mchana ni bob 30 kwa siku. Wiki 13 ni siku 65 za shule, yaani shilingi 1,950. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420, tena kwa mwaka mzima!

Huku kando ya ziwa shida ina kalenda yake. Omena hufungwa Aprili hadi Julai, karibu muhula wa pili wote. Anayetegemea mashua Dunga au Mbita huitwa shuleni wakati mfuko uko mkavu kabisa. Paybill haikatai bob 200, kwa hivyo kama shule imekubali, anza kulipia muhula wa pili kidogo kidogo tangu Februari, nyavu zikiwa bado majini. Kwa akaunti, weka nambari ya usajili ya mtoto, si jina lako.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini ya Waziri, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa, na lazima upewe risiti rasmi. Mwalimu akikuambia umtumie kwa laini yake, omba paybill ya shule kwa heshima tu. Ujumbe wa simu utaonyesha umemtumia mtu pesa, hautaonyesha ilikuwa ya nini.

Halafu kuna matapeli. Msimu wa mitihani ukikaribia, utapata ujumbe ati jina la mtoto halitaingia usipotuma "ada ya KNEC" saa hii. Usitume. Pigia shule kwa nambari uliyokuwa nayo, si ile iliyo kwa ujumbe. Na kama umeshatuma, tupigie papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kibarua.