Pipi za mnanaa: lebo hubaki dukani, sukari huenda na mteja

BUTERERE, Bujumbura – Pipi ya mnanaa inapofika mkononi mwa mteja wa Buterere, maelezo yake yameshabaki nyuma. Katoni ilifunguliwa kwa muuzaji wa jumla, mfuko ukapasuliwa dukani, na kinachouzwa sasa ni kipande kimoja kimoja ndani ya karatasi yenye jina na picha ya jani la kijani. Gramu za sukari ziliandikwa kwenye mfuko. Mfuko wenyewe ama umetupwa ama unafungia chumvi.

Si kosa la kiwanda peke yake. Kanuni za kimataifa za Codex, ambazo viwango vingi vya lebo duniani hufuata, huruhusu vifungashio vidogo sana, vile ambavyo upande wake mkubwa haufiki sentimita 10 za mraba, visiandikwe orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Karatasi ya pipi ndiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa mwisho kuona lebo kamili ni mfanyabiashara. Mteja akiuliza kama pipi hii ina sukari nyingi kuliko ile, hana pengine pa kupata jibu ila kwa yule aliyepasua mfuko.

Na swali hilo linaulizwa. Kaskazini hii ya Bujumbura, karibu na uwanja wa ndege, pipi, au bombo kama wengi wanavyoziita hapa, hutoka pande zote. Zipo zinazovuka kwa barabara kupitia Kobero, zipo zinazoletwa kwa meli kutoka Kigoma, na zipo zinazopita Gatumba kwenda au kutoka Uvira. Tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda, mizigo ya Afrika Mashariki inategemea zaidi njia za Tanzania na ziwa. Lebo huja kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu ikiwa mzigo umepita Ghuba, na kila moja huhesabu kwa namna yake. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Kipande kisicho na sukari kwa mujibu wa karatasi

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Tic Tac ya kampuni ya Ferrero ya Italia. Kipande kimoja kina uzito wa gramu 0.49. Marekani, sheria ya lebo inaruhusu chakula chenye sukari chini ya nusu gramu kwa kipimo kimoja cha kula kiandikwe kwamba kina sukari sifuri. Ferrero ikafanya kipande kimoja kuwa kipimo kimoja. Matokeo yake, kwenye lebo ya Marekani pipi hiyo ilisomeka kuwa na gramu 0 za sukari, ilhali zaidi ya asilimia 90 ya kipande chenyewe ni sukari. Hakuna uongo wa kisheria hapo. Ni hesabu tu iliyopangwa vizuri, na anayekula kiboksi kizima amekula sukari karibu sawa na uzito wa kiboksi.

Ndiyo maana ukitaka kulinganisha pipi mbili, usiangalie kipimo cha kipande wala cha "portion". Tafuta safu ya gramu 100. Lebo za Ulaya, na nyingi za Kifaransa zinazofika Bujumbura, huwa nayo. Hapo Polo ya Uingereza, ile yenye tundu katikati, inaonekana ilivyo: katika gramu 100, zaidi ya 90 ni sukari. Haishangazi, kwa sababu Polo haipikwi. Ni unga wa sukari uliochanganywa na mafuta ya mnanaa na kugandamizwa kwa mashine kama kidonge cha dawa.

Mentos ni tofauti kidogo. Kipande chake kina gramu 2.7, na lebo ya Marekani inakipa gramu 2 za sukari. Fimbo ya kawaida ya gramu 37.5 ina vipande 14. Anayeimaliza njiani kati ya Bujumbura na Gatumba amemeza zaidi ya gramu 25 za sukari, sawa na vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na linasema ni bora zaidi kama itashuka hadi asilimia 5, yaani gramu 25. Fimbo moja imekwisha kazi hiyo kabla chai haijanywewa.

Kundi la tatu ndilo kubwa zaidi katika masoko yetu: pipi ngumu zilizochemshwa. Humo mna zile ambazo Watanzania huziita pipi kifua, na pipi nyingi nyeupe au za buluu zisizo na jina kubwa. Kiwanda huchukua sukari ya kawaida na sharubati ya glukosi, huchemsha mpaka maji yabaki asilimia mbili au tatu, hutia mentoli, kisha hukata. Kinachobaki baada ya maji kuondoka ni wanga wa sukari karibu mtupu. Lakini ukisoma lebo utaona mistari miwili. Mstari wa kwanza, "glucides" kwa Kifaransa, unaweza kusema 97. Wa pili chini yake, "dont sucres", ukasema 65 au 70. Mfanyabiashara anayesoma mstari wa pili tu ataapa kwamba pipi hii ina sukari pungufu kuliko Polo.

Tofauti hiyo ni ya lugha ya maabara zaidi kuliko ya mwili. Sharubati ya glukosi ina minyororo mirefu ya glukosi ambayo sheria ya lebo haiihesabu kama sukari. Mate na utumbo huikata kwa muda mfupi, na kwenye damu inaingia kama glukosi ileile. Kwa mwenye kisukari, mstari wa kwanza ndio wa kuangalia.

Mentoli nayo ina lawama yake. Inagusa neva za mdomoni zinazohisi baridi, na ubongo unaamini kuna kitu cha baridi. Haipozi chochote na haipunguzi hata chembe ya sukari. Ila ladha hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wengi wampe mtoto pipi ya mnanaa huku wakimnyima tofi, kana kwamba moja ni dawa na nyingine ni uchu. Kwa meno, pipi ngumu inayofyonzwa taratibu ni mbaya kuliko chakula kitamu kinachomezwa upesi. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi ikishuka chini ya pH 5.5 hivi, gamba la jino huanza kuyeyuka. Kinachohesabiwa hapo ni dakika ambazo sukari inakaa mdomoni, na dereva anayefyonza pipi moja baada ya nyingine ili asilale hampi jino nafasi ya kupumzika.

Wakati sukari ndiyo inayotakiwa

Kuna wateja ambao kwao swali hili si la urembo wa meno. Mtu anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla: mikono inatetemeka, jasho linatoka, maneno yanachanganyika. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kumpa gramu 15 za sukari inayoingia upesi, kusubiri dakika 15, kisha kupima au kuangalia hali na kurudia ikihitajika.

Gramu 15 ni vipande vingapi? Kwa Tic Tac ni zaidi ya 30. Kwa Mentos ni saba au vinane. Kwa pipi ngumu yenye gramu tatu ni vitano, navyo vitafunwe, visifyonzwe. Nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya sukari katika maji, hufanya kazi haraka zaidi, lakini msafiri aliye kwenye foleni ya uhamiaji mara nyingi ana pipi tu mfukoni. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni kabisa, apelekwe hospitali.

Sasa fikiria mtu huyo aliuliza pipi, na muuzaji kwa nia njema, akijua kwamba ni mgonjwa wa kisukari, akampa ile isiyo na sukari. Haitamsaidia. Pipi hizo hutengenezwa kwa isomalti, sorbitoli au zailitoli, vitamu ambavyo mwili huvipokea polepole na kwa sehemu tu. Ni nzuri kwa meno, na kwa siku za kawaida zinamfaa mwenye kisukari kuliko nyingine, ingawa wingi wake huendesha tumbo. Wakati sukari imeshuka ni sawa na kumpa kokoto. Muuzaji anayeuza aina zote mbili katika beseni moja ajue ipi ni ipi, kwa sababu karatasi zake zinafanana.

Mpakani, sukari hubadilisha namba

Wengi wanaosoma ukurasa huu hawauzi kwa kipande. Wanavusha katoni, na kwao sukari iliyomo ndani ya pipi inaamua jambo jingine: namba ya forodha. Sukari yenyewe iko kwenye kifungu 17.01. Pipi za sukari zisizo na kakao, pamoja na bazoka yenye sukari, ziko 17.04. Zikitiwa kakao zinahamia 18.06. Pipi zisizo na sukari kabisa hazikai 17.04 tena, huenda 21.06, pamoja na vyakula vingine vilivyotengenezwa visivyo na mahali pake. Mwenye katoni ya mchanganyiko anayeandika namba moja kwa zote anajitafutia kusimamishwa.

Pipi kifua nazo huleta ubishi. Kwa sababu zina mentoli na mkaratusi, wapo wanaotaka zipite kama dawa. Maelezo ya Shirika la Forodha Duniani yako wazi: pipi za koo ambazo kimsingi ni sukari na vionjo kama mentoli au mkaratusi hubaki 17.04. Kuandikwa "kifua" hakuzigeuzi dawa.

Kwa bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tofauti ya namba ni tofauti ya fedha. Sukari ni bidhaa nyeti yenye ushuru wa pamoja wa asilimia 100 au dola 460 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Ngazi ya asilimia 35 iliyoanza Julai 2022 iliingiza pipi miongoni mwa bidhaa zake. Nchi huomba vibali vya kutoza tofauti, na hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni, hivyo bei ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu.

Hata pipi iliyopikwa ndani ya Jumuiya iliwahi kukwama kwa ajili ya sukari yake. Mwaka 2018, Tanzania na Uganda zilitoza asilimia 25 kwa pipi, bazoka na chokoleti za Kenya. Hoja ilikuwa kwamba viwanda vya Kenya vilitumia sukari ya viwandani iliyoagizwa kutoka nje kwa nafuu ya ushuru, kwa hiyo bidhaa haikustahili kuvuka bure kama ya nyumbani. Wataalamu wa nchi hizo walitumwa kukagua viwanda. Wakati wakubwa wakijadiliana, mzigo wa mwenye katoni ishirini ulikuwa unasubiri vilevile kama wa mwenye lori.

Hapa napenda kusema waziwazi: hoja ya 2018 haikuwa ya ujinga, maana nchi yenye mashamba ya miwa ina haki ya kuuliza sukari ya jirani imetoka wapi. Burundi yenyewe ina kiwanda cha SOSUMO kule Moso, na mara kwa mara sukari yake huadimika madukani. Lakini swali hilo huulizwa mpakani kwa mtu asiyeweza kulijibu. Mchuuzi hajui kiwanda kilinunua sukari wapi. Anachoweza kuwa nacho ni karatasi. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kiombwe upande unakotoka mzigo, kabla ya kuvuka.

Karatasi nyingine ni ile lebo. Kabla ya kupasua mfuko, kata upande wenye viambato, uzito na tarehe, uubandike kwenye beseni au chupa ya pipi hizo. Uzito wa kipande unaupata kwa kugawa: mfuko wa gramu 300 wenye pipi 100 una gramu tatu kwa kila moja, na kama mstari wa "glucides" unasema 97, basi karibu gramu tatu hizo zote ni wanga wa sukari. Mfuko usio na lebo inayosomeka, usio na nchi ya utengenezaji wala alama ya shirika la viwango, kama TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda au BBN hapa Burundi, huwa na bei nzuri kwa muuzaji wa jumla. Ofisa wa viwango akiukuta dukani kwako, hatamwuliza aliyekuuzia.