Raba za Kaka Yake

Grrrk! Hiyo sauti ilinitia noma mbele za watu pale Feri, mchana kweupe. Naingia zangu pantoni mdogo mdogo, jamaa wa kupanga magari ananionyesha nikate kulia nibane nyuma ya Kirikuu ya matikiti. Nakata stelingi mpaka mwisho, mkoko unalia kama mtu anasaga mawe. Sela mmoja mwenye ndoo ya dagaa akapaza sauti: "Oya, ndinga imevaa raba za kaka yake!" Walicheka mpaka Kigamboni.

Na alikuwa sahihi. Rav4 yangu, old model yenye spea mgongoni, ilizaliwa na 215/70R16. Mimi nikataka isimame kibabe, maana wikiendi na washkaji tunakwenda kupiga kambi Kimbiji, na ule mchanga haumjui mtoto wa mjini. Nikatia timu Kariakoo, upande wa Gerezani. Hata mlango sijafunga, winga kanidaka: "Mwanangu, rimu ngapi? Kumi na sita? Freshi, 16 kwa 16 inakaa." Akanipeleka kwenye 245/75R16, kashata zimesimama kama vipande vya mhogo. Nikadata. Cha juu alichokula sitaki hata kukifikiria.

Winga hakudanganya, ndio utamu wa Kariakoo. Ilikaa kweli. Ila ile 16 ni inchi za rimu tu, na zile namba za mbele alizikaushia. 245 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya huo upana, ndiyo inayotoa kimo cha ubavu. Piga hesabu: tairi la kiwandani lina kipenyo cha kama sentimita 71, hili 77. Hizo sita zitakaa wapi na madigadi ni yaleyale? Rimu nayo ina upana wake, umegongwa palepale kwenye chuma, 6J au 6½J. Ukiivalisha tairi pana kupita kiasi, mabega yanabinuka, linalika katikati, na kwenye kona mkoko unayumba kama umetoka kwenye mnazi.

Halafu geji ya spidi inakuwa ya uongo. Inasoma 50, wewe uko karibu 55. Kamweleze hiyo hesabu trafiki mwenye tochi, uone kama elfu thelathini yako itapona. Mafuta usiulize.

Nikabadili, kwa hasara. Sasa hivi nina 225/70R16, kashata za kati, za lami na vumbi. Mkoko umepanda milimita saba. Saba! Washkaji walinichana wiki nzima. Lakini Kimbiji tunapita, kwa sababu mchanga hautaki urefu, unataka tairi lilale. Napunguza upepo mpaka psi 18 hivi, natembea taratibu, sikati kona kwa fujo, nikigusa lami najaza tena kwa kipampu cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara. Mwanzoni nilikuwa naingia na upepo wote, halafu naomba wavuvi wanisukume.

Na nilichukua tano, siyo nne. Rav4 yangu inavuta miguu yote minne muda wote, siku ukifunga spea ya saizi nyingine unaua difu. Ile spea kubwa ya winga ilikuwa inaning'inia mlango wa nyuma, bawaba zikaanza kulegea.

Ukitimba Gerezani, usiangalie mng'ao. Tairi la zamani likipakwa dawa linawaka kama kiatu cha bwana harusi. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu kabla hujatoa mpunga, mwambie fundi afunge moja tu mbele, wana wote wapande, ukate stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Ukisikia grrrk, vua, sepa, hata winga akinuna.